Maisha ya James Monroe mliyoyachapa yana makosa, naomba yasahihishwe

Ndugu Mhariri,

Salaam kutoka Mtwara. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, nina duka la steshenari huku Majengo, natoa kopi, naprinti, nauza daftari na kalamu, na gazeti lenu lazima liwe mezani likishafika maana hata wateja wanaosubiri kopi zao wanalisoma. Naandika kuhusu ile makala yenu ya ukurasa mzima ya maisha ya James Monroe, rais wa 5 wa Marekani, yule mwanajeshi aliyekuja kuwa mwanasiasa. Nimeisoma yote, nikairudia, halafu nikakaa kuikagua kitu kimoja kimoja, na nasema wazi ina makosa mengi, mengine madogo ya kutaipu na mengine makubwa kabisa, na mpaka naandika hii barua sijaona popote mmesahihisha.

Kilichonifanya nishupalie hili jambo ni wanafunzi. Wanakuja dukani na ule ukurasa wanataka kopi, mwalimu kawapa kazi ya kuandika maisha ya kiongozi wa nje ya Afrika, na wao wamepata kitu kiko kwa Kiswahili, kimepangwa vizuri, kina picha ya rangi, unadhani watakiacha? Binti mmoja wa kidato cha 3 alikuja na daftari lake kabisa, keshanakili nusu ukurasa kwa mkono, mwandiko umenyooka, na pale juu kaandika Monroe alizaliwa mwaka 1785. Nikamwambia mwanangu hebu soma na huo mstari wa chini yake. Akasoma, alijeruhiwa vitani mwaka 1776. Akanyamaza, akahesabu kwa vidole, akaniambia mjomba mbona hapa alijeruhiwa hajazaliwa bado. Mwaka sahihi ni 1758, tarehe 28 Aprili, kaunti ya Westmoreland huko Virginia. Mtu kageuza tarakimu mbili tu wakati anataipu, inatokea, lakini yeyote pale ofisini angeliona hilo kama angeziweka tarehe mbili pamoja na kutoa moja kwa nyingine, hesabu ya darasa la 2.

Na hiyo hesabu ya umri ndiyo ingewaokoa kwenye kosa kubwa zaidi. Mmeandika Monroe alisomea chuo cha kijeshi cha West Point. Ndugu Mhariri, chuo cha West Point kilianzishwa mwaka 1802, huyu bwana wakati huo ana miaka 44, ameshapigana vita, ameshakuwa seneta, ameshakuwa balozi Ufaransa, na alikuwa gavana wa Virginia. Alikuwa anakwenda kusoma nini? Alichosoma yeye ni chuo cha William and Mary pale Williamsburg, aliingia mwaka 1774 akiwa kijana wa miaka 16, na hata hakumaliza, vita ya kudai uhuru kutoka kwa Waingereza ilipopamba moto akaacha masomo akajiunga na kikosi cha 3 cha Virginia. Sasa West Point imetoka wapi, nilijiuliza sana hilo, mpaka nikapata jibu. Kuna James Monroe mwingine! Huyo ni mtoto wa mdogo wake rais, kapewa jina la baba yake mkubwa, alizaliwa mwaka 1799, yeye ndiye aliyemaliza West Point mwaka 1815, akajeruhiwa mwaka huohuo kwenye vita ya majini dhidi ya Algeria, baadaye akaingia siasa akawa mbunge kutoka New York. Mwanajeshi mwanasiasa, jina lilelile, ukoo uleule. Mwandishi wenu kachanganya watu wawili akapata mtu mmoja. Huku kwetu mtoto kuitwa jina la babu au la mjomba wake ni kawaida kabisa, kwa hiyo nilitegemea sisi ndio tungekuwa wepesi kushtuka tukiona jina moja limebeba mambo yasiyoingiliana.

Nije kwenye ile picha, maana ndiyo watoto wanaipenda. Mmeweka mchoro maarufu wa George Washington amesimama kwenye boti katikati ya barafu, nyuma yake kijana kashika bendera, na chini mmeandika hiyo ni picha ya Monroe na Washington wakivuka mto Delaware usiku wa Krismasi 1776. Ni kweli yule kijana mwenye bendera huwa anatajwa kuwa ndiye Monroe. Lakini ule ni mchoro, na aliyeuchora ni Emanuel Leutze, kauchora Düsseldorf huko Ujerumani na kaumaliza mwaka 1851, miaka 75 baada ya tukio lenyewe, Washington keshakufa na Monroe mwenyewe keshakufa. Ile bendera ya nyota na mistari ilipitishwa tarehe 14 Juni 1777, yaani usiku ule wanavuka bendera hiyo ilikuwa bado haijapitishwa. Na Monroe hakuwa kwenye boti moja na Washington, yeye alijitolea kwenda na kikosi cha mbele chini ya kapteni aliyeitwa William Washington, huyu ni ndugu wa mbali wa yule jenerali, wakavuka kabla ya wenzao wakaenda kufunga njia ili mtu yeyote asipeleke habari kwa adui katika mji wa Trenton.

Hapo sasa ndipo palipo na utamu wa kweli na nyie mmepaacha. Monroe alipokuwa mzee alianza kuandika habari za maisha yake mwenyewe, hakuwahi kuzimaliza, lakini usiku huu kausimulia. Wako pale njia panda, baridi kali, theluji, mbwa wa nyumba ya jirani wakabweka, mwenye nyumba akatoka na matusi akidhani ni askari wa Kiingereza. Alipogundua ni wenzake wanaopigania uhuru akawakaribisha, akawaletea chakula, akasema yeye ni daktari, anakwenda nao huenda akamsaidia mtu. Asubuhi ya tarehe 26 mapambano yakaanza, askari wa Waingereza wa kukodi kutoka Ujerumani wakawa wanajaribu kuweka mizinga yao sawa mtaani, kapteni William Washington akakimbilia ile mizinga na watu wake, akapigwa akaanguka, Luteni Monroe akachukua nafasi yake, naye akapigwa risasi begani, mshipa mkubwa wa damu ukakatika. Angekufa pale pale. Aliyeuziba ule mshipa ni yule yule daktari wa usiku, na risasi yenyewe haikutoka, aliishi nayo mwilini mpaka mwisho. Alikuwa na miaka 18. Hiyo habari ipo, inasomeka, haihitaji kuongezwa chumvi, nyie mkaweka boti.

Mengine nayapitia haraka. Mmesema alitia saini Katiba ya Marekani, hapana, mkutano wa kuitunga ulifanyika Philadelphia mwaka 1787 na yeye hakuwa mjumbe, halafu mwaka 1788 Virginia walipokaa kuamua kama wanaikubali au wanaikataa yeye alipiga kura ya kuikataa. Mmesema yeye ndiye aliyelinunua eneo la Louisiana kutoka kwa Napoleon, lakini alipofika Paris mwezi Aprili 1803 alimkuta Robert Livingston, balozi wa Marekani, keshaanza mazungumzo na Wafaransa wenyewe wameshatamka kwamba wako tayari kuuza lote, wakakubaliana wawili hao kwa dola milioni 15, kwa hiyo mtajeni na Livingston. Mmesema alikufa Virginia, hapana, alikufa New York mjini alikokuwa anaishi kwa binti yake, tarehe 4 Julai 1831, akazikwa hukohuko, Virginia alirudishwa mwaka 1858 akiwa mifupa na kaburi lake liko Richmond. Hiyo tarehe ya kufa mmeipatia, na ni kweli ni rais wa 3 kufa siku ya sikukuu ya uhuru wao, maana John Adams na Thomas Jefferson walikufa siku moja, 4 Julai 1826.

Na niseme haki, yapo mliyoyapatia vizuri. Kwamba akiwa balozi Ufaransa alimtoa gerezani mwandishi Thomas Paine mwaka 1794 na akasaidia mke wa Lafayette, yule jenerali Mfaransa aliyepigania uhuru wa Marekani, aachiwe mwanzoni mwa 1795, hilo ni kweli na mmelieleza kwa ufupi unaoeleweka. Na ile sehemu ya mwaka 1814 mimi niliipenda sana, Waingereza wanakuja kuuchoma mji wa Washington na Monroe ambaye ni waziri wa mambo ya nje anapanda farasi mwenyewe kwenda kuchungulia jeshi la adui limefika wapi, halafu baada ya mji kuungua tarehe 24 Agosti anabebeshwa na wizara ya vita juu ya ile aliyokuwa nayo. Hapo unamwona yule luteni wa Trenton bado yumo ndani ya yule waziri. Mwandishi wenu anaweza kuandika, shida siyo kalamu yake.

Shida ninavyoona mimi ni kunakili kitu kwa sababu kimesemwa sana. Chukua ile habari ya uchaguzi wa 1820. Mmeandika Monroe alipata kura zote za wajumbe wanaomchagua rais isipokuwa moja, sawa, ni 231 kwa 1, halafu mkaandika yule mjumbe mmoja alimnyima kura makusudi ili George Washington abaki peke yake kwenye historia kama rais aliyechaguliwa na wote. Hadithi nzuri, inapendwa hata Marekani kwenyewe, na siyo kweli. Mjumbe huyo anajulikana, ni William Plumer wa New Hampshire, aliwahi kuwa gavana na seneta, na sababu zake zinajulikana vilevile, aliona Monroe hana uwezo wa kutosha na serikali yake inatumia hela ovyo, akampa kura yake John Quincy Adams ambaye hata hakuwa anagombea. Na hata makamu wa rais, Plumer alimnyima kura yake. Sasa mtu anayelinda heshima ya Washington anamnyima na makamu wa rais kwa sababu gani? Ukishauliza swali hilo moja tu ile hadithi haisimami tena.

Au chukua nyumba yake. Monroe alikuwa na shamba linaitwa Highland, jirani na kwa Jefferson, na kwa miaka mingi watu walikuwa wanatembezwa kwenye kijumba kidogo pale wanaambiwa hapa ndipo alipoishi rais, tena wakawa wanasema kwamba Monroe alikuwa mtu wa maisha ya kawaida kwa sababu ya udogo wa hiyo nyumba. Mwaka 2016 wataalamu wakapima mbao za ile nyumba kwa kuhesabu pete za mti, wakakuta miti ilikatwa kati ya 1815 na 1818, Monroe keshaishi pale miaka mingi, kwa hiyo ile ilikuwa nyumba ya wageni, na walipochimba jirani wakakuta msingi wa nyumba kubwa yenyewe ambayo iliungua moto zamani. Watu wana chuo kikuu kinachomiliki eneo, wana wataalamu, na bado walikaa na habari isiyo sahihi miaka yote hiyo, lakini walipoijua wakaitangaza wenyewe hadharani. Nyie mmechapa picha ya kile kijumba na maneno "nyumba ya Rais Monroe" wakati habari ya kusahihisha imeshatoka zamani. Yaani hata wenyewe wameshaacha kusema hivyo.

Sasa nafika kwenye kitu kilichoniuma, na ndicho kilichonifanya niandike barua ndefu namna hii, naomba mnivumilie. Mmeandika kwamba Monroe alichukia utumwa na kwa sababu hiyo akaianzisha nchi ya Liberia kama zawadi kwa Waafrika, na ndiyo maana mji mkuu unaitwa Monrovia. Mstari huo ndio wanafunzi wanaupigia mstari, wanaupenda kwa sababu unatuhusu.

Tuanze na tarehe. Waliopeleka watu weusi wa Marekani kule ni chama cha watu binafsi, American Colonization Society, kilianzishwa Desemba 1816 kabla Monroe hajaapishwa. Ni kweli yeye kama rais aliwasaidia, Kongresi ilitoa dola 100,000 mwaka 1819 kwa ajili ya kuwarudisha Waafrika waliokamatwa kwenye meli za magendo ya watumwa na yeye akaitafsiri ile sheria kwa namna iliyowasaidia hao jamaa wa chama. Meli ya kwanza iliondoka New York mwaka 1820. Ardhi ya Cape Mesurado, ndipo ilipo Monrovia, ilipatikana Desemba 1821 kutoka kwa wakuu wa pale, na inaelezwa waziwazi kwamba afisa wa jeshi la majini la Marekani alitoa bastola katikati ya mazungumzo, kwa hiyo neno zawadi hapo halikai. Mji ukapewa jina la Monrovia mwaka 1824. Nchi ya Liberia ilijitangazia uhuru tarehe 26 Julai 1847, Monroe ana miaka 16 kaburini, na rais wake wa kwanza ni Joseph Jenkins Roberts. Monroe hakuwahi kukanyaga Afrika.

Halafu hilo la kuchukia utumwa. Kuna barua zake ambazo analisema vibaya jambo hilo, sikatai. Lakini huyu mtu alimiliki watumwa maisha yake yote ya utu uzima, na alipobanwa na madeni uzeeni akawauza wengi wa pale Highland mwaka 1828 wakapelekwa Florida. Binti wa kidato cha 3 anaandika "alichukia utumwa" na hakuna mtu aliyemwambia hilo.

Na kuna jambo moja mmeliruka kabisa, na bila hilo mimi naona maisha ya Monroe hayajaandikwa. Mwaka 1800 akiwa gavana wa Virginia kulikuwa na kijana mtumwa jirani na Richmond, jina lake Gabriel, mhunzi, mtu wa miaka 24 hivi, anajua kusoma. Akapanga na wenzake waingie mjini usiku wa tarehe 30 Agosti, wachukue silaha, wamshike gavana Monroe mateka, wadai uhuru wao. Siku yenyewe ikaanguka mvua kubwa sana, mito ikajaa, daraja halipitiki, watu wakashindwa kukutana, na huku watumwa wawili wakawa wameshatoa siri kwa bwana wao. Monroe akaita wanamgambo. Gabriel alikimbia akapanda boti mpaka Norfolk, akakamatwa, akanyongwa tarehe 10 Oktoba, na jumla walionyongwa ni kama watu 26. Katikati ya kule kunyonga watu Monroe alimwandikia Jefferson barua, Septemba 15, akimuuliza ni wapi waishie, waendelee kuua au wasamehe waliobaki, na Jefferson akamjibu kwamba walionyongwa wameshatosha. Miezi iliyofuata hao wawili wakaanza kuandikiana juu ya kutafuta mahali pa mbali pa kuwapeleka watu weusi wenye kuasi, na Sierra Leone ikatajwa. Mnaona njia inavyokwenda? Miaka ishirini na kitu kabla ya Monrovia kuitwa Monrovia, wazo la kuwapeleka watu Afrika lilikuwa kichwani mwa gavana aliyekuwa anaogopa waasi.

Mimi ni mtu wa kusini. Naomba msomaji wa Dar es Salaam anielewe kwa nini hili siwezi kulipita. Mwaka huohuo wa 1776 ambao kijana Monroe anapigwa risasi akipigania uhuru, mwezi Septemba, Mfaransa mmoja anaitwa Morice aliandikiana mkataba na sultani wa Kilwa apatiwe watu 1,000 kila mwaka wa kuwauza kwenye visiwa vya Wafaransa. Kilwa Kisiwani hapo, mkoa wa Lindi, ni safari ya basi kutoka hapa nilipo. Watu waliteremshwa kutoka bara mpaka pwani hii, Kilwa, Lindi, Mikindani, miaka na miaka. Kwa hiyo mkitaka kuandika maisha ya mtu wa zama zile kwa ajili ya wasomaji wa Tanzania, suala la utumwa ndilo la kukagua mara mbili mara tatu kabla ya kupeleka mtamboni, siyo la kulimaliza kwa sentensi moja tamu.

Fikirieni gazeti la Virginia liandike Benjamin Mkapa alizaliwa Songea, alikuwa rais wa 2 na alisomea uhandisi. Watu wa Masasi wangelala? Mzee Mkapa alizaliwa tarehe 12 Novemba 1938, ni mtu wa Lupaso, rais wa 3, na kabla ya siasa alikuwa mhariri wa magazeti, yaani kazi hiyohiyo yenu. Tungeandika barua mpaka wachoke.

Na kukagua kwenyewe siku hizi siyo kazi ya kusafiri. Mimi nimefanya yote haya kwa simu na kompyuta ya dukani, bando la kawaida, usiku wateja wakiisha. Barua za Monroe na Jefferson zipo kwenye tovuti ya Founders Online ya hifadhi ya nyaraka ya taifa la Marekani, bure, unaandika jina na mwaka inakuletea. Karatasi za Monroe mwenyewe zipo Maktaba ya Kongresi, zimepigwa picha, unaona mpaka mwandiko wake. Kiingereza cha zamani kinasumbua kidogo lakini kinasomeka, na pale kinaposhinda namuuliza mwalimu mmoja wa sekondari anayepita dukani jioni. Kitu ninachofanya ni kimoja tu, kila nikikuta sentensi inayosema fulani alifanya jambo fulani, nauliza nani wa kwanza kusema hivyo na alisema lini. Kama aliyesema alikuwepo, naisogeza upande mmoja, kama ni mtu kaja kusema miaka 50 baadaye naiweka upande wa pili naitafutia mwenzake. Hiyo ndiyo kazi yote.

Ninachoomba ni hiki. Chapeni masahihisho kwenye ukurasa uleule wa makala, siyo kwenye kona ya mwisho karibu na matangazo ya vifo ambako hakuna mwanafunzi atakayeona, na mtaje kosa na kilicho sahihi, mwaka wa kuzaliwa, West Point, ile picha, Katiba, Plumer, nyumba, Liberia. Habari ya Gabriel mliyoiruka iandikeni kama aya inayojitegemea, msiifanye mstari mmoja wa nyongeza. Na kama inawezekana mfanye haraka, kidato cha 4 wana mtihani wa taifa Novemba, na walimu wa huku wengine gazeti ndilo kitabu chao cha ziada.

Jambo la mwisho. Nimeona mmetangaza makala ijayo ni Andrew Jackson, mwanajeshi mwingine aliyekuja kuwa rais. Kwanza kwenye ya Monroe mliandika yeye ndiye wa mwisho kati ya marais waliopigana vita ya uhuru, sasa mkija kwa Jackson mtakuta alikuwa tarishi wa wanamgambo akiwa na miaka 13 na Waingereza walimkamata, wakamkata kwa upanga alipokataa kusafisha viatu vya afisa wao, kwa hiyo hizo makala mbili zitapingana ndani ya gazeti moja. Mkiandika vita ya New Orleans ya tarehe 8 Januari 1815, msiseme tu kwamba ilipiganwa vita imeshakwisha, mkataba wa amani ulisainiwa Ghent tarehe 24 Desemba 1814 ndiyo, ila Seneti ya Marekani iliuridhia tarehe 16 Februari 1815, na kabla ya hapo vita ilikuwa bado haijafungwa. Sheria ya kuwahamisha wenyeji wa asili wa Marekani ni yake, ya mwaka 1830, lakini ile safari ya mateso ya Wacherokee, kabila mojawapo la wenyeji hao, ilifanyika 1838 na kuendelea, chini ya rais aliyemfuata, Martin Van Buren, wekeni wote wawili na kila mmoja sehemu yake. Na mtakutana na ile kauli kwamba Jackson alisema Jaji Mkuu John Marshall katoa hukumu basi aitekeleze mwenyewe. Hiyo ilianza kuonekana kwenye kitabu cha mwaka 1864, Jackson kafa tangu 1845. Msiichape kama maneno yake.

Wenu,
Msomaji, mwenye duka la steshenari,
Majengo, Mtwara